Kabla ya Mshindio

Gyumri, Januari. Theluji imeziba nusu ya dirisha,
nami nimejifunga skafu kichwani ndani ya nyumba yangu
kama mtu anayengoja basi.
Laptopu aliniachia Vahagn, mtoto wa kaka yangu,
alipohamia Marseille kuoka mikate ya wenyewe.
Bawaba moja imekatika. Herufi R haikubali
mpaka uikemee kwa kucha.

Aliiwekea Linuksi usiku wa kuondoka.
"Haina anasa, Shangazi, ila haikufichi kitu."
Kweli hainifichi: kioo cheusi, maandishi meupe,
na kijistari kinachopepesa, kikiuliza: Ehe?

Nilikuwa fundi wa mtambo namba kumi na nne
kiwandani, ng'ambo ya reli, kabla vyuma havijauzwa kwa kilo.
Watu walidhani kazi yetu ni kufuma.
Kufuma ni baadaye. Kwanza ni kutanda:
nyuzi elfu mbili na mia nne, moja moja tunduni,
kutwa mgongo umepinda, na jioni huna
hata upana wa kidole wa kitambaa
wa kumwonyesha msimamizi.

Leo natanda tena.
Naandika amri: sakinisha. Inanijibu: wewe nani?
Mashine yangu, meza yangu, chai yangu hii hapa!
Naandika nywila. Haionekani, hata nukta;
naibofya gizani kama afungaye fundo nyuma ya mgongo.
Si sahihi. Tena, si sahihi.
Ile R.

Kifurushi cha kwanza chataka cha pili.
Cha pili hakiji bila shemeji yake.
Shemeji ni wa toleo la zamani, na wa kwanza hawasalimiani.
Nimeozesha mabinti wawili, mambo haya nayajua:
unakwenda nyumba hadi nyumba, unakunywa kahawa usiyoitaka,
mpaka wote wakubali kuketi meza moja.

Saa nne usiku: nafasi imekwisha.
Nafungua folda, nakuta harusi ya Vahagn,
video ya saa tatu, na Norayr, mume wangu,
anacheza leso mkononi,
miezi minne kabla ya kifua chake kumkataa.
Futa? inauliza mashine. Haina haraka, haina pole.
Navaa buti. Nashuka ngazi kwa Shushan muuza viatu,
namgongea, naomba flashi. Ananipa moja
yenye hesabu zake za kodi. "Hizo usiziguse."
Sizigusi. Namhamisha Norayr asilimia kwa asilimia,
kama tulivyolitoa kabati la vyombo mwaka ule wa tetemeko,
yeye mbele, mimi nyuma, tukinong'ona: taratibu.

Sasa vimeingia vyote. Naita chombo kwa jina lake.
Amri haipatikani.
Kipo! Nimekiona kikishuka!
Hata chumvi ilikuwa kabatini, na Norayr
alisimama mbele yake akiuliza iko wapi.
Basi naiandikia mashine njia, folda kwa folda,
kushoto, kulia, hapo hapo, fungua macho.

Vahagn anapiga simu, unga umemganda nyusini.
"Umeandika nini leo, Shangazi?"
"Sijaandika. Nimetanda."
Anacheka kwa adabu. Hajawahi kutanda chochote.

Kitabu kinataka mwanafunzi aanze kwa kuisalimu dunia.
Dunia imelala, na mimi sina la kuiambia.
Naandika tulichokipigia kelele kila alfajiri,
mitambo ikinguruma, msimamizi na daftari lake mlangoni.
Nabonyeza. Chini ya amri yangu, jeupe, peke yake,
jibu linatokea:

Namba kumi na nne, taya i.

Nacheka mpaka chai inamwagika.
Kisha nainoa kucha ukingoni mwa meza,
narudi kwenye ile R.